Walinzi wa Mwali: Malezi, Hadaa na Sitara katika Handeni na Korogwe

Katika miaka ya 1830 mvua zilikatika katika Uzigua, nchi ile ambayo leo imegawanyika hasa baina ya wilaya za Handeni na Kilindi na zile sehemu za Korogwe zilizo kandokando ya mto Pangani, na njaa ilipokaza watu waliteremka pwani makundi kwa makundi, watoto mgongoni, wakiwa hawana cha kuuza ila nguvu za mikono yao. Simulizi za wazee, ambazo zimehifadhiwa kwa lugha ya Kizigua mbali sana na Uzigua yenyewe, zasema kwamba huko pwani walikutana na wenye majahazi waliosema nao kwa upole na kuwaahidi kazi ya ujira ng'ambo. Nao wakapanda vyomboni kwa hiari, wasijitambue kuwa watumwa mpaka waliposhushwa Barawa, katika pwani ya Somalia. Simulizi hizo hizo zamtaja mwanamke mmoja, Wanakhucha, aliyewaongoza baadhi yao kutoroka hata wakaufikia mto Juba, wakalima mabondeni mwake, na kizazi chao kikakaa huko kikisema Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu, mpaka vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowatawanya na baadhi yao wakarejea nchi ya babu zao, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na zaidi ya elfu moja miongoni mwao wakapokea uraia wa Tanzania.

Naitanguliza habari hii ya kale katika makala juu ya unyonyaji wa kingono mitandaoni na mateso ya majumbani kwa sababu yaliyomo ndani yake ndiyo yanayompata leo binti wa Kabuku au wa Mombo aliyeketi na simu mkononi: uhitaji wa kweli, mtu mpole mwenye ahadi, na safari ya kutengwa na jamaa ambao wangeweza kuuliza. Mtu anayedhani kwamba hatari hii imezaliwa na simu atadhani pia kwamba kumnyang'anya mtoto simu ni dawa yake, ilhali watu wa nchi hii wamekabiliana na hadaa ya namna hiyo kwa karibu miaka mia mbili, na waliikabili kwa mafunzo kabla ya kuwa na polisi wala mahakama ya serikali. Historia ya mafunzo hayo, mahali yalipofaa na mahali yalipopungukiwa, na jinsi yalivyovunjwa pasipo kuwekwa mengine badala yake, yafaa ijulikane na kila mtu mwenye binti au mwana wa kulea.

Wazigua ni miongoni mwa makabila ya mashariki mwa Tanzania, pamoja na Wanguu, Waluguru, Wakaguru na Wazaramo, ambayo nasaba zao zilihesabiwa kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mtu mwenye sauti kubwa juu yake, aghalabu kupita baba aliyemzaa, alikuwa mjomba. Kwa mwanamke aliyeolewa jambo hili lilikuwa ngao isiyo dhaifu, kwa kuwa mume aliyezidisha mkono alijua kwamba wako kaka wa mkewe, na kwamba iko siku watakuja kuketi barazani kwake na kuuliza, na kwamba mke akiondoka, watoto nao ni wa huko anakokwenda. Lakini mamlaka yale yale yaliyomlinda ndiyo yaliyoweza kumwangamiza, maana katika njaa au katika deni zito mjomba aliweza kumweka mpwa wake rehani kwa mwenye chakula au mwenye mali, na binti aliyewekwa rehani, deni lisipolipwa, aliweza kugeuka suria au mtumwa asijue ni siku gani jambo hilo lilitokea. Wajerumani waliamuru mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na Waingereza wakaufuta utumwa wote katika Tanganyika mwaka 1922. Hata hivyo desturi haifi siku ile ile sheria inapotiwa saini, na wazo la kwamba shida ya nyumba yaweza kulipwa kwa mwili wa binti halikufa kwa amri ya gavana. Mlinzi na mwuzaji walikuwa mtu mmoja, na ajuaye hilo hatastaajabu akisikia kwamba watoto wengi wanaodhulumiwa leo hudhulumiwa na watu wanaowajua.

Ngao ya pili ilikuwa mafunzo yenyewe. Mvulana alipelekwa jandoni na msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akakabidhiwa kwa kungwi, mwanamke mtu mzima ambaye hakuwa mama yake, na ambaye tangu siku hiyo alikuwa na dhima juu yake mpaka kuolewa kwake, na hata baada ya kuolewa. Kungwi hakufundisha kwa maneno matupu. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mambo ya jamii katika Tanganyika, alikusanya na kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1956 sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika mafunzo ya unyago na jando kwa Wazigua, Wasambaa na jirani zao: mtu, mnyama, au chombo cha nyumbani, kilichofinyangwa kwa mkono na kutiwa rangi. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake, na wimbo huo maana yake haikuwa wazi kwa mtu wa nje. Mwali aliketi, sanamu ikatolewa ilikofichwa, ikawekwa mbele yake katika mwanga hafifu, wimbo ukaimbwa mara nyingi pasipo maelezo, mpaka ukamkaa moyoni pamoja na umbo aliloliona; ndipo maana yake ikafumbuliwa: huyu ni mke asiyejali nyumba, huyu ni mume mwenye tamaa, hiki ndicho kinachompata ajiwekaye katika mikono ya mgeni. Alipotoka ndani, hata baada ya miaka 20, mstari mmoja tu wa wimbo ulioimbwa kisimani na mwenzake ulitosha kumkumbusha fundisho zima, na wanaume waliokuwa karibu wasijue limesemwa nini.

Ningependa walimu wetu wayafikiri sana mambo haya, kwa kuwa humo mlikuwa na maarifa ya kufundisha ambayo hayajapitwa na wakati. Mwali alifundishwa habari za mwili wake kwa majina yake, na mtu mzima asiyeona haya. Alifundishwa kabla ya jambo kumfika. Na kubwa kuliko yote, alitoka mle ndani akiwa na mtu mmoja aliyejulikana kwa jina na kwa nyumba, ambaye angeweza kumwendea usiku au mchana akamweleza asiyoweza kumweleza mama yake. Binti wa leo aliyefungiwa chumbani na siri ya simu yake, ukimwuliza ni nani angemwendea, aghalabu atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakompa nguvu adui yake.

Lakini insafu yatutaka tuseme pia upungufu wa mafunzo hayo. Kungwi alimfundisha mwali kujilinda na mgeni, akamfundisha pia kumvumilia mume. Alimwambia kwamba mambo ya chumbani hayatoki nje, na kwamba mke mwenye adabu huyameza. Fundisho hili halikuwa la Uzigua peke yake. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, aliiweka radhi ya mume karibu na mlango wa pepo. Na karibu karne moja baadaye Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, kwa kuamini, na aliamini sawasawa, kwamba mwana wa kiume naye ana haja ya kufundwa. Nawaheshimu wote wawili, na watoto wangu wamewasoma. Walakini yako mambo ambayo mzazi mwenye huruma wa zama zile hakuyaandika, nayo ni haya: kwamba mume akikupiga una haki ya kusema, na kwamba mtu mzima akikutaka ufiche jambo juu ya mwili wako, kuficha huko ndiko kosa. Mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja alithubutu kuliimba jambo hilo mbele za watu. Wimbo wake juu ya Kijiti ulihusu mwanamke aliyeuawa na mwanamume huyo aliyefuatana naye, na juu ya haki iliyokwenda kombo mahakamani, ukasikika kote pwani, na nadhani ulifundisha zaidi ya hotuba nyingi.

Kilichovunja mafunzo ya kale hakikuwa hoja, kilikuwa kazi. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Na katika mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ambayo ingawa iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ilizaa mashamba yaliyolifunika bonde kutoka Hale na Ngombezi hata Magunga na Mazinde. Mashamba hayo yalitaka watu wengi kuliko waliokuwako, kwa hiyo wanaume wakaletwa kutoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba wakawa na shirika lao la kuandika vibarua, lililojulikana kwa jina la SILABU. Vibarua hao, walioitwa manamba, walikuja aghalabu pasipo wake zao, wakalala katika safu za vyumba vya kambi, wakahesabiwa siku zao katika kadi ya kazi iliyoitwa kipande, na mshahara ulipotoka, soko la chakula, pombe na mapenzi lilikusanyika mlangoni mwa korona, yaani kiwanda cha kusindikia mkonge.

Hapo ndipo ilipozaliwa nyumba ya namna mpya ambayo Uzigua na Usambaa hazikuijua. Mwanamke aliyekaa kambini na mtu wa mbali hakuwa na mahari iliyotolewa, hakuwa na mjomba barazani, hakuwa na kungwi wa kumwendea. Na mume naye hakuwa na wazee wa kumkanya, maana wazee wake walikuwa mwendo wa wiki nyingi kutoka hapo. Alipopigwa, chumba cha pili kilisikia, na cha tatu pia, lakini hakuna aliyekuwa na haki ya kuingia na kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa jamaa. Kwa muda wa nusu karne, ambapo Tanganyika ilipata kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, maelfu ya watoto walilelewa katika vyumba hivyo wakijifunza kwamba kelele za usiku ni jambo la wenyewe. Bei ya mkonge ilipoanguka na mashamba mengi kuchakaa, vyumba vilibaki na watu wake wakabaki, na somo hilo la kutouliza likabaki pamoja nao. Nami naamini kwamba mtu anayetaka kuelewa ukimya wa majirani katika miji midogo ya Korogwe hana budi kuanzia huko.

Shule nayo ilikuwa na sehemu yake. Wamishonari wa UMCA, ambao makao yao makubwa yalikuwa Magila, waliufikia Korogwe na baadaye Kideleko katika Handeni, wakafundisha kusoma, wakajenga zahanati na hospitali, na kwa hayo wanastahili shukrani. Lakini juu ya unyago wengi wao walitazama kwa wasiwasi, wakiona uchafu wa nyimbo bila kuuona ulinzi uliokuwa ndani yake. Kusini, Askofu Vincent Lucas wa Masasi alijaribu njia nyingine, akaliingiza jando katika mikono ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Kwingi kwingineko mtoto alitolewa kwa kungwi akapewa mwalimu, na mwalimu akamfundisha hesabu, jiografia na dini, asimfundishe lile ambalo kungwi alimfundisha, kwa kuwa kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenziwe. Nafasi hiyo tupu baina ya nyumba na shule haijazibwa mpaka leo, na simu imeingia humo humo.

Baada ya uhuru nchi yetu ilionyesha kwamba mafunzo yaweza kuwafikia watu wazima mashambani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima; mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walijiandikisha katika vikundi vya kusikiliza redio. Handeni, ambako vijiji vya ujamaa vilianzishwa mapema, haikuwa nyuma. Kikundi kilikuwa na watu wachache wa kijiji kimoja, redio moja, kitabu kidogo na mshauri aliyefunzwa. Wakasikiliza kipindi, redio ikazimwa, wakasomewa, kisha wakaulizana: je, katika kijiji chetu jambo hili liko? Tufanyeje? Wakainuka wakachimba choo. Wasiojua kusoma, ambao walikuwa 67 katika kila watu wazima 100 mwaka 1967, walishuka hata kuwa 39 mwaka 1975.

Sasa, katika miaka ile ile Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na kifungu chake cha 66 kilisema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa adhabu ya kipigo mkewe au mumewe. Hiki kilikuwa kifungu cha kijasiri kwa zama zake. Lakini hakikupata redio yake, wala kitabu chake kidogo, wala mshauri wa kuwauliza watu chini ya mwembe, je, katika kijiji chetu jambo hili liko? Choo kilichimbwa na kifungu kikakaa kabatini. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, yaani miaka 44 baada ya sheria, ulikuta kwamba wanawake 58 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliona kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu moja au nyingine, na kwamba wanawake 40 katika kila 100 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Kati ya majuto yote ya historia hii, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa chombo tulikuwa nacho mkononi na tulijua kukitumia.

Sheria hiyo hiyo ilikuwa na doa lake, kwa kuruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa awe na 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga ruhusa hiyo mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwezi Oktoba 2019.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Nalitaja hili ili msomaji aone jinsi mambo yalivyokwenda mbio: mtu aliyekuwa kijana katika kikundi cha redio cha 1973 alikuwa na umri wa utu uzima tu wakati picha za kwanza zilipoingia katika vibanda vya video vya Manundu na Chanika, na hakuwa bado mzee sana wakati mjukuu wake alipopata simu iliyo na dunia nzima ndani yake. Kampuni za simu zilienea mwanzoni mwa miaka ya 2000, waya wa baharini ukafika Dar es Salaam mwaka 2009, umeme ukasambazwa vijijini, na simujanja ikashuka bei mpaka ikafika mikononi mwa mtoto wa mkulima wa mahindi. Babu na bibi, ambao kwa desturi ndio wasemao na mjukuu mambo ambayo wazazi huyaonea haya, ghafla wakawa wajinga wa jambo ambalo mjukuu analijua, na ulinzi unaotoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo ukakatika.

Hadaa yenyewe huenda hivi. Binti wa kidato cha pili hupokea ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua, au anayemjua kidogo, dereva wa bodaboda, kaka wa rafiki yake, mtu aliyemwona stendi ya Segera. Mtu huyo humwuliza habari za masomo, humpongeza, humtumia vocha siku ambayo nyumbani hakuna hata ya sabuni. Kwa wiki kadhaa hataki kitu. Kisha ataka picha ya uso, kisha nyingine, na nyingine iliyo na nguo chache, kwa maneno ya mapenzi na ahadi ya ndoa, au ya kazi Dar es Salaam au Muscat. Na siku binti atakapokataa, ule upole hufutika mara moja, akaambiwa kwamba picha zake zitapelekwa kwa baba yake, kwa mwalimu mkuu, na katika kundi la darasa zima, asipoleta fedha, au asipokuja nyumba ya wageni fulani saa fulani. Tishio hili halina risasi wala panga. Nguvu yake yote ni fedheha, na fedheha hiyo si mali ya mtishaji, ni sisi tuliomkopesha. Kama binti angejua kwa yakini kwamba baba yake akiiona picha ile atamkasirikia aliyeitaka na si yeye aliyehadaiwa, mtishaji angekuwa hana kitu mkononi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kungwi alilitumia neno hilo kwa mwali mwenye kuogopa wakunga. Laiti angelitumia pia kwa mwenye kuogopa jamaa zake.

Ukubwa wa jambo hili si wa kukisia. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba wasichana takriban watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ulikuta kwamba katika mwaka mmoja tu watoto wanne katika kila 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti Tanzania walikuwa wamefanyiwa unyonyaji wa kingono wa wazi kwa njia hiyo, ambao kwa hesabu ya nchi nzima ni watoto wapatao 200,000.

Tusiyatenge mambo haya mawili, simu na kipigo, kana kwamba ni maradhi mbalimbali. Binti anayesikia mama yake akipigwa kila Jumamosi hutafuta sauti ya upole popote ilipo, na hana kipimo cha kumwonyesha kwamba upole wa mgeni una sharti. Mvulana anayesikia hayo hayo hujifunza kwamba mwanamke hulazimishwa. Na katika ndoa yenyewe simu imekuwa fimbo ya pili: mume hudai namba ya siri, husoma ujumbe, huita kila jina la mwanamume ushahidi wa zinaa, na ndoa ikivunjika, picha walizopiga kwa mapenzi hugeuzwa silaha ya kumzuia mke asidai talaka wala mali yake.

Sheria zipo, na si chache. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilipitishwa mwaka 1998, Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, ambayo inafanya kosa kutengeneza au kusambaza picha za ngono za mtoto. Na mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa apewe kifungo cha miaka 30. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba warudi darasani, na huo, kwa maoni yangu, ulikuwa uamuzi mkubwa wa elimu, maana kwa miaka mingi binti aliyehadaiwa aliadhibiwa kwa kuhadaiwa kwake, na kila mwanafunzi mwenzake aliyeona akifukuzwa alijifunza kuficha. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ujulikanao kama MTAKUWWA, uliagiza tangu 2017 kwamba kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ziundwe hata ngazi ya kijiji. Ila fimbo bado inaruhusiwa shuleni, na mtoto anayemwogopa mwalimu kwa fimbo hatamwendea kwa siri; sidhani kwamba somo lolote la usalama wa mitandao litamwingia mtoto anayefundishwa na mtu aliyemchapa asubuhi ile.

Unyago haujatoweka Handeni wala Korogwe. Umefupishwa, ukasukumwa katika likizo za shule baada ya mavuno, mahali pengine umebaki ngoma na sherehe tu; lakini makungwi wapo, watu huwasikiliza, na mlango wanaoufungua hakuna mwalimu wala askari anayeweza kuufungua kwa urahisi ule. Napendekeza wakaribishwe, wafundishwe, waketi pamoja na walimu wa ushauri wa shule na watu wa Dawati, kwa mtindo wa vikundi vya 1973, kila mmoja amfundishe mwenziwe analolijua. Yako ambayo kungwi wa zama hizi hana budi kuyajua: kwamba ujumbe wa mtishaji haufutwi, bali hutunzwa pamoja na namba yake na tarehe yake, kwamba fedha haitumwi, maana mtishaji aliyelipwa hurudi, kwamba picha ya mtoto haionyeshwi kwa majirani hata kwa nia ya kuomba shauri, kwamba namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo, na kwamba aliyeingiliwa kwa nguvu afikishwe hospitalini kabla ya saa 72 kupita, ili dawa za kuzuia UKIMWI zimfae. Na wazee wa jando nao wapewe yao, kwa kuwa mkono ulioandika ujumbe ule wa vitisho aghalabu ni wa mwanamume, ambaye miaka michache tu nyuma alikuwa mvulana wa kijiji hiki hiki, akakaa jandoni wiki nzima akiimbiwa habari za ushujaa, asiambiwe hata mara moja kwamba binti aliyemwamini kwa picha yake amempa amana.